Abiria Aliyesema Kichwa Kinamuuma

Wanangu, siku yenu ya kwanza kazini mtapewa kile kipima joto kinachoshikwa kama bastola, na mtakipenda. Kila anayeanza hukipenda. Mtapimana wenyewe kwa wenyewe, mtapima chai, mtapima ukuta, na mmoja wenu atamnyemelea bosi ampime kisogo, wote mcheke. Chekeni tu. Baadaye vicheko hupungua.

Mimi nilikuwa afisa afya katika uwanja wa ndege mpaka nilipostaafu. Sasa niko nyumbani Misugusugu, hapa Kibaha, nafuga kuku na kugombana nao. Ndege ikipita juu bado nainua kichwa na kujiuliza imetoka wapi na kule ilikotoka kuna nini. Mwalimu wenu wa chuo aliniomba niwaandikie kuhusu kuwapima abiria wakati wa mlipuko wa magonjwa, akaniomba pia niwatie moyo. Nitajaribu. Ya kuwafundisha ninayo mengi kuliko ya kuwatia moyo, kwa hiyo nitaanza na hayo ya kufundisha.

Hicho kipima joto kinasoma ngozi ya paji la uso, basi. Abiria aliyekaa saa nyingi kwenye ubaridi wa ndege atasomeka mzima hata kama ndani anaungua. Aliyetembea juani kutoka kwenye ngazi za ndege atasomeka mgonjwa wakati ana njaa tu. Kwa hiyo mtu akisoma juu, usimkurupushe wala usimwite mwenzako kwa sauti. Mkalishe kivulini, mpe maji, mwache apoe, kisha mpime tena kwa kipima joto cha kwapani. Mama aliyejifunga ushungi usimpime juu ya kitambaa, na usimpime mkononi ati kwa sababu unaona haya kumwomba asogeze kitambaa. Mwite mwenzako wa kike, msimame pembeni, aombwe kwa adabu. Atasogeza. Sijawahi kuona anayekataa akiombwa vizuri.

Na msikiache kipima joto dirishani. Asubuhi moja mwenzetu alikiacha kwenye jua akaenda kunywa chai. Ndege iliyofuata, karibu kila aliyeshuka alikuwa na homa. Tukawajaza kwenye mabenchi, tukawavalisha barakoa, nao wakaanza kutazamana kama watu waliofikishwa mahakamani. Mama mmoja akaanza kutubu kwa sauti, tena kwa majina. Mumewe akawa anamvuta mkono: "Mama Tumaini, hebu ngoja kwanza majibu!" Ndipo akaingia Mzee Shomari, mkuu wetu wa zamu. Akakichukua kipima joto, akajipima mwenyewe, akatazama namba, akasema kwa upole, "Kumbe hata mimi ni mahututi. Naomba na mimi nafasi kwenye benchi."

Huyo Mzee Shomari ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma ambayo aliivua tu akiingia kwenye chumba cha wagonjwa, na alianza kazi zamani, enzi za kupanda kwenye ndege na kopo la dawa kupulizia mbu. Alinikuta nimetoka chuo, nimetoka kwetu bara, najua majina ya magonjwa yote na sijui kumtazama mtu. Yeye alinisimamisha nyuma ya kioo, mahali abiria wanapotokea kwenye korido, akaniambia nitazame miguu.

"Hapo hawajakuona," alisema. "Wakikuona na koti lako watajikaza. Watazame kabla."

Basi nikajifunza kutazama. Mtu aliyevaa sweta katika joto letu hili. Mtu mzima mwenye nguvu ambaye mkoba wake umebebwa na mkewe. Mtu anayechuchumaa kwenye foleni na kujifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe ni ndala. Mtoto aliyelala begani huku wenzake wanakimbizana. Hakuna mashine iliyonifundisha hayo, ingawa sizichukii mashine, nitafika huko.

Jambo kubwa alilonifundisha lilihusu salamu. Kwenye mafunzo tuliambiwa tumuulize abiria: una homa, unaumwa kichwa, umetapika? Mzee Shomari alisema ukianza hivyo na watu wetu umeshapoteza, maana utajibiwa hapana, hapana, hapana, na asiyesema hapana utakuwa umemtisha. Anza na salamu. Sisi ni watu wa kutanguliza jema. Ukimuuliza mtu habari za nyumbani atakwambia nzuri hata kama paa limeezuliwa na upepo. Hakudanganyi. Hiyo nzuri ni mlango tu. Ukinyamaza kidogo, ukiendelea kumtazama kama mtu mwenye nafasi, ndipo atasema: ila paa limeezuliwa.

Nilimwona akifanya hivyo mara ya kwanza kwa mama mmoja mnene, mcheshi, aliyekuja akiburuta begi la magurudumu.

"Habari za safari, dada?"

"Nzuri tu, kaka yangu."

Mzee Shomari akanyamaza. Akatabasamu. Foleni nyuma ikaanza kuguna. Akaendelea kunyamaza.

"Ila nimetapika njia nzima," mama akasema, na machozi yakamtoka palepale, kana kwamba tangu alipopanda ndege alikuwa anamtafuta mtu wa kumwambia.

Wanangu, nikawa najua kazi. Niliamini hivyo kwa miaka mingi. Nilipowekwa kuwa mkuu wa zamu, baada ya Mzee Shomari kustaafu na kurudi Kisarawe kulima mananasi yake, kila kijana aliyeletwa kwangu nilimfundisha kwanza kunyamaza baada ya nzuri.

Sasa lazima niwaeleze jambo ambalo mtalijua hata nisipolisema, na ni afadhali mlisikie kwa mtu anayewapenda. Sehemu kubwa ya wagonjwa hatuwakamati. Magonjwa mengi ya mlipuko hukaa mwilini kimya siku nyingi kabla ya homa. Mtu aliyeambukizwa juzi anapita mbele yako akiwa mzima kweli, anacheka, hana joto, hana la kuficha. Mwingine ana homa lakini amemeza panadoli kabla ndege haijatua, pengine si kwa ujanja, ni kichwa tu kilimsumbua. Kamera ya kupima joto inamwona wa kijani, yaani mzima. Nilipolielewa hilo vizuri nilikosa usingizi. Nilimpigia simu Mzee Shomari, nikamuuliza tunafanya nini pale kama wengi wanapita.

"Tunakaa pale ili anayeumwa apate mtu wa kumwambia," alisema. "Akiambiwa njoo, na akija akapokelewa, mwingine atasikia. Siku wakiacha kutuambia, funga meza mwende nyumbani."

Nilibeba maneno hayo kama dawa. Kisha akaja Seif.

Ulikuwa wakati wa mlipuko wa homa ile mbaya inayowatoa watu damu. Ilikuwa imeanza katika nchi moja ya jirani na sisi tulikuwa tumeongezewa watu, kamera, na hofu. Ndege iliyotoka huko ilikuwa ikitua mchana. Seif alikuwa fundi magari kule, mtu wa makamo, mfupi, mikono yenye alama za grisi isiyotoka hata kwa sabuni. Alipita kwenye kamera akawa wa kijani. Kijana aliyekuwa kwenye kompyuta alikwisha kumpungia mkono apite. Akafika mezani kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Pole na safari."

"Nishapoa."

"Habari za huko ulikotoka?"

"Nzuri, mama. Tunamshukuru Mungu."

Nikanyamaza. Nikamtazama. Sikuwa na shaka naye hata kidogo. Nilinyamaza kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Alikuwa na haraka, niliona jinsi alivyokuwa akitupa jicho kwenye mlango wa kutokea, lakini malezi yake hayakumruhusu kuondoka mtu mzima akiwa bado anamtazama.

"Ila kichwa kinaniuma tangu jana," akasema. "Na mwili nausikia mzito. Nilimeza panadoli."

Nikamkaribisha pembeni. Kwenye chumba chetu, panadoli ilipoanza kuisha nguvu, joto likapanda, tukalisoma sote wawili kwenye kipima cha kwapani. Ndipo akaniambia kwa nini amekuja. Mama yake, huko Maneromango, kule kusini mwa Kisarawe, alikuwa hoi kitandani na alikuwa akimtaja kila akipata fahamu. Seif alikuwa mtoto wa kiume peke yake. Dada yake, Mwajuma, alimpigia simu akamwambia njoo kwa ndege, usije kwa basi, hutamkuta.

"Nikamuone tu, mama," alisema. "Kisha mnifungie mnakotaka."

Naomba mfikiri pamoja nami, maana hili ndilo mtakalokutana nalo. Tulimpima malaria kwa kipimo cha haraka, na malaria ikaonekana. Mngemwona alivyofurahi! Alisimama akataka kuvaa viatu. "Ni malaria tu! Si unaona? Malaria!" Sijawahi kumwona mtu akiifurahia malaria namna ile. Ikabidi nimkalishe tena nimweleze kwamba mtu anaweza kuwa na malaria na ile homa nyingine kwa pamoja, na kwamba moja haiifukuzi nyingine. Tulimpa dawa mseto. Tukachukua damu ya kupeleka maabara. Na kwa sababu alitoka eneo lenye ugonjwa, alipelekwa kwenye nyumba ya karantini, jengo la zamani lililopakwa rangi upya, upande huu wa Kibaha, ambako nilikuwa napita kila siku nikirudi nyumbani.

Majibu ya maabara yalirudi kesho yake: hana. Mwajuma alikuwa amekwisha kupewa namba yangu.

"Mama wa uwanja wa ndege, si wamesema hana?"

"Wamesema, mwanangu."

"Sasa mnamsubirisha nini? Mmempenda?"

Daktari wa zamu kule karantini alikuwa kijana anayeitwa Elibariki, mpole, mgeni katika kazi. Alinipigia nikiwa njiani. Utaratibu ulisema kipimo kikichukuliwa mapema mno, homa ikiwa ndiyo kwanza imeanza, kinaweza kusema hakuna wakati upo. Lazima kirudiwe baada ya siku tatu. Lakini malaria ilikuwa inaieleza homa vizuri kabisa, na mtu mwenyewe alikuwa anapata nafuu kwa dawa za malaria.

"Mama, wewe ndiye uliyemleta," Elibariki alisema. "Unasemaje? Ukisema aende, nitaandika aende."

Nilishuka kwenye gari, nikasimama pembeni ya barabara. Niliiona nyumba ya mgonjwa kule Maneromango kana kwamba nimeingia ndani: mama kitandani, wanawake wamejaa chumbani, mtoto wa kiume aliyesubiriwa anaingia, anamkumbatia, anamnywesha uji, anamfuta jasho kwa mkono. Kisha kila mmoja mle ndani anamshika kumpa pole. Kama alikuwa nayo, tungeiweka wenyewe katikati ya kitanda kile. Kama hakuwa nayo, nilikuwa namnyima mtu mama yake kwa sababu ya malaria.

Nikasema abaki.

Nilimfuata kumwambia mimi mwenyewe. Tulizungumza kwenye dirisha la kioo, yeye ndani, mimi nje, nimevaa barakoa. Hakupiga kelele. Aliniuliza kibla kiko upande gani, maana chumbani hakujua. Nikamwonyesha. Akaniambia ahsante.

Bi Mwanahawa, mama yake, alifariki siku iliyofuata, asubuhi. Nilikuwa kwenye lile dirisha Mwajuma alipopiga simu. Seif alisikiliza, akakaa chini sakafuni, akaegemea kitanda. Elibariki alikuwa amesimama karibu nami. Kwao na kwetu sisi watu wa bara, maiti husubiri watoto watoke hata Marekani, na bila kufikiri akasema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Waambie wasubiri basi. Si kesho kutwa tu?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Mwajuma akamjibu yeye, si kaka yake.

"Nani huyo? Mwambieni kwetu maiti haingoji ndege. Mmeshamngojesha akiwa hai, inatosha."

Wakakubali kuchelewesha maziko mpaka baada ya sala ya alasiri. Hiyo ndiyo hisani waliyoweza kumfanyia.

Pengine baadhi yenu hamjui, kwa hiyo nieleze. Mwanamke akizikwa, wanaoingia kaburini kumpokea ni ndugu zake wa karibu, na mtoto wake wa kiume akiwapo ni yeye. Anashuka ndani, anapokea mwili, anaulaza kwa ubavu, anauelekeza. Ni kazi ya mwisho ambayo mtoto humfanyia mama yake na hakuna anayeweza kumrudishia akiikosa. Seif alilijua hilo tangu akiwa mdogo. Hilo ndilo alilolisafiria, hata kabla hajalikiri.

Makaburini mjomba mmoja alishika simu. Nilimwomba Elibariki aniache pale dirishani peke yangu. Tulisikia majembe. Tulisikia watu wakipumua kwa kubeba. Kisha Seif akauliza, "Nani yumo ndani?"

"Mjomba Athumani kaingia," simu ikasema. "Na Hamisi."

"Mwambieni amshike vizuri kichwa."

"Kamshika."

"Bega la kulia lina maumivu. Asimlaze..." Akakatiza. Akakumbuka kwamba bega halina maumivu tena. Akaweka simu juu ya kitanda, akasimama akaelekea upande niliomwonyesha, na mimi nikageuka nikatazama barabarani, malori yakipita kwenda Mlandizi na mbele zaidi, kwa sababu sikuona kama nina haki ya kutazama.

Kipimo cha pili kilisema hana. Hakuwahi kuwa nayo. Ilikuwa malaria, ile aliyoifurahia.

Siku alipotoka nilikuwapo mlangoni. Alinipa mkono. Na mimi, kwa mazoea ya siku zile zote, mkono wangu ulisita kidogo kabla ya kuupokea wake. Akacheka, mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Si mmesema mimi mzima?"

Nikaupokea upesi. Lakini alikwisha kuuona ulivyosita.

Ugonjwa ule haukuingia kwetu. Tulipongezwa. Tulipewa fulana. Kiongozi mmoja alisimama mbele ya kamera zetu akasema tumelinda taifa, tukapiga makofi, nami nikapiga. Wanangu, sijui kama tuliulinda mpaka ule au kama ugonjwa wenyewe haukupanda ndege. Hakuna anayejua. Mtu akijenga ukuta anaweza kuushika. Sisi tunajenga kitu ambacho tukifanikiwa hakipo, na tukishindwa kinatoka damu. Mtazeeka bila kujua ni siku gani mlifanya jambo la maana. Ninachokijua kwa hakika katika msimu mzima ule ni kaburi moja la Maneromango na mtu ambaye hakuingia humo.

Baadaye waliiondoa meza yetu. Foleni zilikuwa ndefu, na ilionekana ni bora abiria ajaze maswali kwenye simu kabla hajafika: ndiyo au hapana, ndiyo au hapana. Siwalaumu walioamua. Kamera zinafanya kazi bila kuchoka na simu hazipotezi karatasi. Ila simu haijui kunyamaza baada ya nzuri. Mtakapozitumia, na mtazitumia, kaeni na mtu mmoja pale mwisho, asiye na la kufanya ila kusalimia. Ombeni hata kama mtakataliwa.

Nilikwenda Maneromango siku ya arobaini ya Bi Mwanahawa. Nilibeba sukari na mchele. Kutoka Kisarawe mjini nilichukua bodaboda, na barabara ilikuwa imechimbika kiasi kwamba nilishuka mara nyingi nikatembea, kijana akisukuma pikipiki kwenye matope. Hitma ilikuwa imekwisha, wanawake wamekaa kwenye mikeka wakiosha vyombo. Nikasalimia, nikajitambulisha. Mikono ikaacha kuosha. Mwajuma alinyanyuka. Nilikuwa sijawahi kumwona, lakini sauti niliijua mara moja.

"Ndiye wewe?" akanitazama juu mpaka chini. "Umekuja na kile kimashine chako utupime?"

Wanawake wakacheka, wengine wakajiziba mdomo kwa kanga.

"Nimekuja kutoa pole, mwanangu."

"Tumeshapoa. Kaa ule." Alinipakulia pilau mwenyewe, sahani imejaa, akaiweka mbele yangu kwa nguvu kidogo. Ndivyo walivyolelewa. Huwezi kumfukuza mgeni wa msiba. Kisha akakaa karibu yangu, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Nikwambie ukweli, mama? Sisi hapa tumeshaambizana. Wa kwetu yeyote akija na ndege, akiulizwa, ni nzuri na anapita. Fundi wa watu alisema kichwa, kichwa tu! Angenyamaza angemzika mama yake."

"Na kama angekuwa mgonjwa kweli?" nikauliza.

"Hakuwa."

"Na akija mwingine ambaye anao ugonjwa?"

"Atasema nzuri," Mwajuma alisema. "Naye ana mama."

Wale wanawake wakaitikia, si kwa ubaya, kama watu wanavyoitikia jambo lililokwisha kukubaliwa. Kijiji kizima, wanangu. Na ndugu zao walioko mijini, na marafiki wa ndugu zao. Nilikaa pale na sahani ya pilau nikayakumbuka maneno ya Mzee Shomari kuhusu kufunga meza. Mimi sikudanganya mtu. Sikukiuka utaratibu. Nilimsikiliza abiria kwa makini kuliko mashine, nikafanya lililopaswa kufanywa, na kwa kufanya hivyo nikawafundisha watu wa Maneromango wasimwambie mtu kama mimi chochote. Nimelizungusha kichwani tangu siku hiyo na sijaona ni wapi ningegeuka.

Mwalimu wenu atauliza moyo uko wapi hapo. Niseme hivi basi: nendeni mkaifanye. Muwe wapole. Mkimfungia mtu, mpelekeeni habari kwa miguu yenu, msimtume mtu. Mwonyesheni kibla, au dirisha, au chochote anachokiulizia. Mpeni chaji ya simu kabla hajaomba. Hayo hayataponya kitu, na msifanye mkidhani yataponya.

Siku ile Seif alikuwa shambani, nyuma ya mihogo, kwenye makaburi ya ukoo wao. Mwajuma alinielekeza. Alikuwa amechutama na panga, anasafisha. Kaburi lilikuwa bado jipya, udongo mwekundu umeshuka katikati kwa mvua. Aliponiona aliinuka, akapangusa mikono kwenye suruali, akaniamkia kama siku ile ya kwanza. Nilisimama pembeni, nisisogee sana. Nikampa pole yangu. Akaipokea.

Aling'oa jani moja pembeni ya kaburi. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama fundi anayeuliza gari lilianza kugonga lini.

"Mama, ingekuwa leo. Nimekuja vilevile, nimekwambia vilevile, na mama yuko vilevile. Ungeniachia?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. Alikuwa amenipa nafasi ya kuisema, na hakuna mtu mwingine aliyekuwapo pale wa kunisikia.

"Nisingekuachia," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akatazama mawingu upande wa Kisarawe.

"Basi rudi," akasema. "Mvua ikinyesha barabara haipitiki. Mwambie huyo wa bodaboda akufikishe mpaka stendi, asikuache njiani."

Nilipogeuka kumuaga alikuwa amekwisha kuchutama tena, anajaza udongo kwa viganja pale kaburi lilipobonyea.